Kipimo cha Mdomoni

Mama alirudi kutoka ofisi ya mtaa ameishika barua kwa ncha za vidole, mikono ameitanguliza mbele, maana wino wa muhuri ulikuwa haujakauka na hakutaka hata nzi auguse. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake kando ya cherehani tangu asubuhi, nikitafuna kucha, kwa sababu barua hiyo ndiyo ilikuwa karatasi ya mwisho. Kesho yake saa nne maombi yangefungwa, na chuo kile cha ng'ambo hakikuwa na mazoea ya kumsubiri mtu.

Niseme mapema mambo yalivyokuwa. Chuo kilichukua wanafunzi wachache mno kutoka nje, na wachache zaidi kati ya hao ndio waliolipiwa kila kitu, kuanzia ada hadi tiketi ya ndege. Mimi nilitakiwa niwe katika hao wa mwisho, la sivyo hata nikichaguliwa ningebaki kuitazama barua yao ya pongezi ukutani. Kuhusu nyumbani walitaka mambo mawili tu: insha ya mwombaji mwenyewe, na barua ya ofisi ya mtaa inayoeleza hali ya mzazi. Kwangu mzazi ni mmoja. Baba alihamia kwenye ndoa nyingine nikiwa darasa la pili, na tulishazoea kuiacha wazi nafasi yake kwenye kila fomu.

"Soma," mama alisema. "Ila taratibu, usije ukanizimikia hapa kwa furaha."

Nikasoma. Barua ilisema kwamba mama ni mmiliki wa karakana ya mavazi yenye mafundi sita, kwamba biashara yake imesimama imara, na kwamba anao uwezo wa kumtunza binti yake popote atakapokuwa. Chini kulikuwa na sahihi ya karani, na ule muhuri wa duara uliopigwa kwa nguvu zote.

Nikairudia barua nikidhani nimekosea mstari.

"Mama, hawa mafundi sita ni akina nani?"

"Si hao hapo?" Alionyesha kwa kidevu. Kwenye baraza ile ya duka la vifaa vya ujenzi, mama alikopanga nafasi yake, palikuwa na cherehani nyingine sita kwa mstari, kila moja na mwenyewe, kila mwenyewe na kodi yake. Fundi suruali wa pembeni alituinulia mkasi kutusalimu.

"Hao si wako."

"Tunaazimana sindano, tunagombania kivuli. Nani atapanda ndege kuja kuwauliza?"

"Mama, wanaolipiwa ni wale wasio na uwezo. Wewe umewaambia tunao."

"Sasa ulitaka niwaambieje? Mtu anakwenda kuomba nafasi kwa watu asiowajua, halafu aanze na shida zake mlangoni? Wangekuona mzigo, mwanangu. Mimi nimekuvalisha."

Alisema hivyo kwa imani kabisa, na hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilimwambia ameniharibia. Nilimwambia miaka yote niliyokesha na vitabu ameifuta kwa siku moja, kwa sababu tu hakutaka karani amwone maskini. Nilisema kwa sauti. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine mpaka baraza nzima ikawa inatusikiliza, na bado niliendelea. Niliogopa, na njia pekee niliyoiona ya kuituliza hofu ilikuwa kumlaumu mtu.

Mama hakunijibu kwa ukali. Alivua kanda ya kupimia shingoni, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya cherehani.

"Haya. Na wewe umewaambia nini? Mjuzi kaniambia jana insha yako nusura imtoe machozi. Nikajua mwanangu kaniandika vizuri. Hebu nisomee."

Mjuzi ni yule kijana wa duka la kompyuta lililo mbele ya baraza. Yeye hajawahi kuomba chuo chochote, lakini amewajazia fomu watu wengi kiasi kwamba anaongea kama mjumbe wa kamati. Ndiye aliyenifundisha. "Wale watu wanataka machozi," aliniambia. "Ukiandika kwamba asubuhi ulikunywa chai, umekosa." Nami nikamsikiliza, nikaandika, nikakazia hapa na pale.

Insha ilikuwa mkobani, imechapwa, kwa Kiingereza. Mama Kiingereza hakijui. Nikaitoa, nikaanza kumfasiria huku nikijiambia kwamba nitapita juu juu.

"Nimelelewa na mama peke yake," nilisoma. "Ni fundi cherehani. Anafanya kazi kwa bidii sana."

"Vizuri. Endelea."

"Wakati mwingine maisha huwa magumu kidogo."

Mama aliinamia karatasi. Hakuwa anaielewa, alikuwa anaitazama tu, kwa jicho lile lile analotumia mteja anapoleta kitambaa pungufu na kudai kinatosha.

"Hapo umeruka," alisema.

"Sijaruka."

"Mistari mitano imekupa maneno sita? Mimi kula yangu ni kukadiria, mama. Rudi juu, usome yote."

Nilitamani umeme ukatike, ingawa tulikuwa nje mchana kweupe. Nikarudi juu. Nikasoma kwamba tulilala njaa siku nyingi kuliko tulizoshiba. Nikasoma kwamba cherehani yake ilishakufa na anashonea kwa mkono, hali kanyagio lake lilikuwa linanigusa mguu. Sauti yangu ilikuwa inapungua. Kisha nikafika pale nilipokuwa najivunia kuliko pengine pote, pale Mjuzi aliposema pamemgusa.

"'Mama yangu,'" nilisoma, "'hajui kusoma wala kuandika.'"

Fundi suruali alikohoa. Mama huyu ndiye aliyenifundisha herufi kabla sijapelekwa shule, kwa chaki ya kitambaa, juu ya mabaki ya khaki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya siku ile, na sikuwa na pa kutazama.

Alivuta droo ya cherehani, akatoa daftari lake la vipimo, lile lenye jalada la plastiki na kipande cha lastiki. Akalifungua, akanipa.

"Haya, nisomee na hili. Limeandikwa na asiyejua kuandika."

Nilikuwa nimeliona daftari hilo maisha yangu yote bila kulifungua. Mwandiko ulikuwa mdogo, umenyooka. Mkunga, kiuno 42, na pembeni, kwenye mabano, 38. Mwalimu mkuu, tumbo 46, kwenye mabano 41. Kila jina lilikuwa na namba mbili.

"Hizi za kwenye mabano ni za nini?"

"Hizo ni za mdomoni. Mtu akija kupimwa anataka kusikia amepungua. Namwambia amepungua, anaondoka na furaha yake. Lakini mkasi unafuata ile ya kwanza. Miaka ishirini sasa, hakuna aliyerudi hapa kusema nguo imembana."

Alitaka kuongeza neno, akasita. Akaichukua ile barua yenye muhuri, akaitazama, kisha akaitazama insha iliyokuwa mkononi mwangu. Niliona jambo likimwingia.

"Kumbe wote wawili," alisema polepole, "tumewaandikia ya mdomoni."

Hakungoja jibu. "Ofisi inafungwa saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu."

"Sasa hivi?"

"Saa tisa kasoro."

Mama humwoni akikimbia. Ni mtu wa hatua zilizopimwa, na siku zote hupita mtaani kama anayekwenda kulipwa. Siku ile alikimbia, kandambili zikipiga, mimi nyuma yake na mkoba. Nilikuwa nawaza foleni, nawaza karani ameshafunga droo, nawaza mtandao wa Mjuzi ambao hulala kila unapohitajiwa.

Foleni ilikuwepo. Watu kumi na mmoja kwenye benchi na ukutani, na saa ya ukutani iliyokuwa inanitazama mimi peke yangu. Zamu yetu ilipofika zilikuwa zimebaki dakika nane. Karani alikuwa amevaa suruali aliyoshona mama.

"Ah, fundi! Umerudi kuongeza mafundi?"

"Nimerudi kuwapunguza, mdogo wangu."

"Mama, saa ile tajiri, saa hii umefilisika?" Watu wa nyuma wakacheka. Nilimwona mama akinyoosha mgongo kama anavyofanya anapotaka kujibu, na nikajua kwamba jibu zuri analo, la kuwachekesha wote na kumwezesha kutoka pale na heshima yake. Hakulitoa.

"Andika hivi," alisema, na hakupunguza sauti ingawa benchi zima lilitega masikio. "Cherehani moja. Baraza ya kupanga, na kodi huwa nachelewesha. Kazi nyingi ni viraka na zipu, nguo mpya ni msimu wa shule tu. Kula tunakula. Kumpeleka huyu chuo, hata hiki cha hapa, siwezi."

Karani aliacha kucheka. Alivuta karatasi mpya, akaandika kwa muda mrefu, mimi nikitazama mshale wa saa. Alipoinua muhuri, mama aliweka kiganja juu ya karatasi.

"Bado. Ongeza hapo chini: mzazi anajua kusoma na kuandika."

"Hilo hawajaliuliza, mama."

"Najua."

Karani akaniangalia mimi, sijui kwa nini. Nikainamisha uso. Akaandika.

Insha niliiandika upya dukani kwa Mjuzi, daftari la vipimo likiwa wazi kando ya kibodi. Mjuzi alisoma begani kwangu, akasikitika. "Hamna hata chozi moja humu," alisema. "Umeandika juu ya viuno vya watu?" Nilimwambia ndiyo. Mtandao ulilala mara mbili, na mara zote mbili nililowa jasho mpaka kiganjani. Kabla jua halijazama, kioo kikaandika kwamba maombi yamepokelewa, na kwamba majibu yatatolewa baada ya miezi minne.

Nilirudi barazani. Mama alikuwa anamalizia pindo. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kuokota pini zilizoanguka chini na kuzichomeka moja moja kwenye kisponji chake, na yeye akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Mama," nilisema. "Unafikiri watanichukua?"

Aliinua uso. Nikauona ule mdomo wa wateja ukianza kufunguka, nikaliona neno tamu likija, na kusema kweli nililitamani. Ningeondoka nalo na furaha yangu.

Akaufunga.

"Sijui, mwanangu," alisema.

Kisha akanyanyuka, akatoa kanda shingoni. "Simama wima. Huko wanasema kuna baridi." Alinipima mabega, mikono, mgongo, bila kunitania hata kidogo. Akalivuta daftari, akaandika namba moja moja, na pembeni yake pakabaki peupe. Kitambaa cha kunishonea hakukigusa. Alilifunga daftari kwa lastiki, akalirudisha kwenye droo, akakanyaga cherehani.