Kidoti cha Mama

Nianze na ubaya wangu mwenyewe, maana watu wa Ifakara wameshausema wote na sina cha kuficha. Mimi, Konsolata binti Fulgensi, mwanafunzi wa kupiga picha, nilipiga nusu ya bonde hili la Kilombero, na mama yangu mzazi sikumpiga hata moja. Hata moja jamani! Na alikuwa anaomba.

Mama hakutaka makubwa. Alianza kuomba baada ya msiba wa jirani yetu Theresia, hapo Lipangalala. Kwetu jeneza likitoka nyumbani, msalaba unatangulia, nyuma yake mjukuu amebeba picha ya marehemu, ndipo jeneza linafuata. Sasa Theresia hakuwa na picha. Wakahangaika, wakafungua masanduku, mwisho wakabandua ile ndogo ya kwenye kadi ya chama, ya zamani, amenuna kama mtu aliyenyimwa mboga. Ndiyo wakaitia kwenye fremu. Mama alirudi kutoka makaburini amekasirika kuliko wafiwa.

"Konso," akaniambia kabla hata hajavua viatu, "mimi sitaki kupelekwa kaburini nimenuna. Nipige ningali na meno. Na kidoti changu kionekane."

Kidoti kilikuwa shavuni, alama nyeusi ndogo ya kuzaliwa nayo. Alikuwa anakipaka mafuta kila asubuhi, na Baba alipenda kusema ndicho kilichomtoa Mahenge kwa miguu.

"Hilo tu, Mama? Utapata," nikasema. Ulimi hauna mfupa.

Mwaka ule, tisini na sita, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuingia studio ya fundi Apolinari pale Mlabani. Alinifundisha vizuri, nisimsingizie. Alinifundisha kupima mwanga kwa macho, kuchanganya dawa, kukaa kwenye chumba cha giza hadi uso wa mtu utokee kwenye karatasi. Lakini kazi yake ilikuwa paspoti na harusi, na mimi nilikuwa na kichwa kikubwa. Parokiani nilikuwa nimeona albamu kuukuu ya watu wa bonde wa enzi za babu zetu. Wanakutazama moja kwa moja mpaka unaona haya. Chini ya kila picha mzungu fulani ameandika: mwanamke, Kilombero. Mzee, Kilombero. Jina hakuna! Nilitoka pale na hasira. Nikaapa kwamba nitapiga nyuso ishirini za bonde letu, nyuma ya kila moja niandike jina kamili, nizipeleke chuo kimoja cha Dar ambacho hakimpokei mtu mpaka kione picha ishirini. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu kwa mwaka mzima na zaidi.

Nilitaka nyuso tupu, nyuma kusiwe na nyumba wala mgomba. Nikahitaji kitambaa. Mama akafungua sanduku akatoa shuka lake jeupe la harusi, halijawahi kutandikwa tangu siku ile.

"Litaharibika, Mama."

"Liharibikie nani? Twende kazini."

Akawa msaidizi wangu. Kila nilipokwenda alikwenda na kigoda chake. Tulikwenda mpaka mashamba ya miwa, tukampiga Aikande, yule mama wa Kipare aliyekuwa anauza maandazi kwa wakata miwa. Tulikwenda Lumemo kwa mzee Nazari, mtu wa mpunga. Mtu anakaa kwenye jua la asubuhi, Mama anapanda kigoda nyuma yake, ananyanyua shuka kwa mikono miwili kama anayeanika. Yeye mwenyewe haonekani wala haoni kitu, ameshafunikwa. Alijua nimemaliza kwa kusikia tu. Kamera yangu ilikuwa ya Kirusi, nzito, na ilikuwa na mlio wa kitasa cha geti: kacha! Akisikia kacha anashusha mikono, anapumzika, ananyanyua tena.

Nami nilikuwa mkali, Mungu anisamehe. "Mama, vidole! Vidole vyako vinaonekana juu ya shuka, vinaharibu kazi!" Anajaribu kuvificha, shuka linateleza, nafoka tena. Mwisho nikawa navikata mwenyewe wakati wa kusafisha picha.

Sasa niseme ule mchezo. Mikanda ya kamera ilikuwa inatoka Dar kwa treni, mmoja mmoja, na uso mmoja ulikuwa unanila fremu sita au saba kabla sijaridhika. Fundi Apolinari alikuwa na dawa yake ya kubana mkanda. "Watoto wakikuzonga," aliniambia, "au mlevi wa harusini akitaka picha ya kumi, bonyeza kitufe kilichoko nyuma ya flashi. Mwanga unatoka, mkanda hujaugusa. Anafurahi, wewe unaendelea na kazi." Pale studio tuliita kumpiga mtu mwanga.

Nilimpiga mama yangu mwanga mara tatu.

Mara ya kwanza aliniomba tukitoka mbio kuwahi usafiri wa kwenda kwenye miwa, nikajisemea nitamfidia jioni. Mara ya pili ilikuwa Krismasi, mkanda una fremu nne na zote zina wenyewe. Mara ya tatu ni Pasaka ya tisini na saba, na hii ndiyo inayoniua. Mama alitoka misani na kitenge kipya, kilemba amekifunga vizuri, kidoti kinang'aa. Akakaa mwenyewe kwenye kigoda uani, mikono juu ya magoti. Akacheka, meno yote nje. Nilikuwa na fremu moja. Moja! Na kesho yake nilikuwa na miadi na Obadia, mkata miwa mwenye masizi usoni kama wanja, uso wangu wa ishirini. Nikamtazama mama yangu kwenye kile kioo cha kamera, nikaona ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, nikabonyeza kitufe cha nyuma.

Mwanga ukatoka. Mama akabaki amekaa, bado anacheka, kama anasubiri kitu.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, Mama."

"Haya. Asante, mwanangu."

Akaondoka kwenda kupakua wali. Akiniuliza baadaye, nilikuwa namwambia mkanda uko Dar unasafishwa. Halafu akaacha kuuliza. Kwenye jumuiya ya kanisa, hata hivyo, alikuwa anajisifu: mwanangu amenipiga mara tatu, na kidoti kinaonekana.

Mvua za mwisho wa mwaka ule kila mtu anazikumbuka. Mto Lumemo uliingia majumbani, mpunga ukaoza umesimama. Januari Mama akashikwa na homa. Siku ya tatu hakutujua tena, siku ya nne alfajiri akafa.

Watu walijaa uani kabla jua halijawaka. Mwenyekiti wa jumuiya, Wendelin, mtu mwenye sauti ya kengele, akapanga kila kitu: nani msalaba, nani maua. Kwa kuwa Mama hakuwa na mjukuu bado, mjukuu wa Wendelin mwenyewe, Eveline wa miaka minane, alishavalishwa gauni jeupe kwa ajili ya kubeba picha.

"Mpiga picha yuko wapi?" Wendelin akaita. "Konsolata, lete picha ya mama, tutie kwenye fremu. Mwenyewe alituambia zipo tatu!"

"Naifuata studio," nikasema, na nikatoka mbio kweli, kana kwamba nikikimbia sana itakuwepo.

Nilifungua boksi la mikanda yote ya mwaka ule. Nikaiinua mmoja mmoja dirishani, nikaipitia na kioo cha kukuzia, fremu kwa fremu. Labda alipita nyuma ya mtu. Labda alichungulia pembeni ya shuka. Aikande yupo, mara saba. Nazari yupo. Obadia yupo, mara moja tu, na macho ameyafumba nusu. Mama alikuwepo pia, katika kila fremu: vidole vinne vya kushoto na vinne vya kulia, juu ya shuka jeupe. Basi. Uso hakuna. Nilikaa chini kwenye sakafu ya studio nikalia hadi fundi Apolinari akaja kusimama mlangoni.

Nilirudi mikono mitupu nikamwita Baba nyuma ya nyumba. Nikamwambia yote. Kitufe, mwanga, mara tatu. Nilitaka anipige. Haki ya Mungu, nilitaka.

Baba alisogea karibu, watu wasimsikie. Kisha akasema, "Alijua."

"Alijua nini, Baba?"

"Jioni ya Pasaka aliniambia. Alisema, mtoto amenipiga mwanga tu, leo sikusikia kacha. Na zile mbili za mwanzo hivyo hivyo. Nikataka kukufokea. Akanikataza. Akasema mkanda ni mchache na wewe una kazi, akaniambia, usimwambie, ataona aibu."

Mwaka mzima alikuwa amesimama nyuma ya lile shuka anaisikiliza kamera yangu. Katika Ifakara yote mimi nilimchagua yeye nimdanganye kwa mwanga, yeye aliyekuwa anaifahamu kazi yangu kwa masikio!

Jeneza lilitoka saa nane. Msalaba ukatangulia. Nyuma yake Eveline na gauni lake jeupe, hana kitu, mikono ameikunja kifuani, mara anaishusha, mara anaikunja tena. Nilimsikia Yosefina, rafiki wa Mama wa siku zote, akinong'ona, "Kinyozi hajinyoi." Mwingine akamjibu, "Kinyozi gani huyo, anawanyoa wote anamwacha mama yake?" Sikugeuka. Walisema kweli.

Chuo sikwenda. Nyuso ishirini zipo, kila moja na jina lake nyuma kama nilivyoapa, zimo kwenye sanduku alimokuwa anaweka shuka. Shuka lenyewe tulimzika nalo. Nimejaribu kuzisafisha upya bila kukata vidole, nikafanya mbili, nikaacha. Vidole ni vidole tu. Mtu asiyemjua Mama ataona mwanamke yeyote wa Kilombero ameshika kitambaa.

Na mimi mwenyewe ananitoka. Si miaka mingi imepita, lakini unanitoka uso wake, kidogo kidogo, kama karatasi iliyoachwa juani. Juzi nilikuwa nachambua mchele, nikajaribu kumweka pale uani kwenye kigoda, na kilemba, na meno yake. Nikakwama kwenye kidoti. Nikaacha ungo nikamfuata Baba, alikuwa anatia jembe mpini.

"Baba, kidoti cha Mama kilikuwa shavu gani?"

"La kulia," akasema papo hapo.

Akaendelea kugonga mpini. Kisha akaacha. Akanyanyua mkono akagusa shavu lake mwenyewe, akahamia la pili, akarudi la kwanza.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza."