Kanda Ikigeuzwa

Enzi zetu tulicheza mpaka nyumba ikasogea, ikaingia kiwanja cha jirani. Kaseti ikiisha upande mmoja, mtu aliigeuza, nasi tulisubiri tumeshikana mikono. Kuuachia mkono wa mwenzio kulikuwa ni kumtukana.

Juzi, kwenye harusi ya mjukuu wangu, nilibeba redio yangu ya kaseti. Nikamwinua shemeji, mwenzangu pekee aliyebaki wa enzi hizo.

"Wewe mzee, hayo magoti umeazima kwa nani?"

"Cheza, shemeji!"

Tukacheza, vijana wakiturekodi kwa simu na kutuma video kwenye kundi la WhatsApp la familia. Kaseti ikaisha, mwanangu akaenda kuigeuza.

Shemeji akauachia mkono wangu, akachomoa simu mkobani. "Hebu nione tumetokaje."

Muziki ulipoanza tena, bado alikuwa anajitazama. Nikacheza peke yangu.