Kizuka Kwenye Usaili

Watu wakienda kumpa pole mfiwa hubeba sukari au mchele. Kwa Rumaitha walibeba maji. Tangu eda yake ianze kuzoeleka, haikupita asubuhi bila ya mwanamke mmoja au wawili wa Gando kupiga hodi, wakatoa salamu, wakamlilia marehemu kidogo, halafu wakachomoa chupa chini ya baibui.

"Ya kisima cha bondeni hino, mwalimu. Mpunga wangu wote umeungua ncha. Hebu n'tazamie."

Na Rumaitha, kizuka anayetakiwa akae ndani amlie mumewe mpaka eda imalizike, alichovya kipimo chake cha chumvi kwenye chupa, akasoma, akamwambia mwenye maji ukweli: bahari imeingia bondeni, mbegu hii haitaki chumvi kiasi hiki, asipoteze nguvu zake kupanda tena msimu huu. Wengine waliondoka wakilia upya, na safari hiyo si kwa ajili ya marehemu.

Siku ya usaili chupa zilikuwa zimejaa chini ya kitanda, umeme umekatika, na Rumaitha anapiga pasi ya mkaa baibui lake kuukuu, lile lisilo na nakshi hata ya uzi. Hina ilishafutika kucha zote. Udi hakufukiza, wanja hakupaka. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaona uso wa mtu mzima aliyelala vibaya, akaridhika nao.

"Njoo unywe chai," aliita Bi Kazija kutoka jikoni. Ndiye mama wa Zubeir, marehemu. "Sukari imepanda tena. Leo tunaikumbuka tu."

Walikunywa chai kavu kwa muhogo wa kuchemsha. Bi Kazija alikuwa ameshavaa, amejifunga ukaya mweupe, na mkoba wake uko mapajani tangu alfajiri.

"Mama, si lazima uje."

"Nani kasema lazima? N'nataka."

Ufadhili wenyewe ulikuwa wa wanawake watakaosoma shahada ya pili, na tangazo lake Zubeir ndiye aliyeliona. Alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa masihara, na usiku ule alimsomea mkewe masharti kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alipofika pale paliposema mwombaji asizidi miaka thelathini na tano, aliacha mzaha. "Mwaka huu ndo wako," alimwambia. "Wende. Watoto n'tawapikia mie, na wakikonda shauri yao." Rumaitha alikuwa na miaka thelathini na tano kamili. Miaka ambayo wenzake wa kiume walikwenda kusoma, yeye alikuwa akinyonyesha, na tangazo la wanawake halikuwa na nafasi ya kuyaeleza hayo. Aliomba, akachaguliwa kwa usaili. Kisha Zubeir akashikwa na homa iliyoanza kama mchezo, na kabla wiki haijatimia wakamzika.

Ujumbe wa tarehe ya usaili ulipoingia kwenye simu, majirani walisema haiwezekani. Kizuka atoke? Aende Chake, akakae mbele ya wanaume wa ofisini? Rumaitha hakubishana nao. Bi Kazija ndiye aliyechukua mkongojo wake akaenda hadi barazani kwa Shehe Bakari, akamweleza jambo mwanzo mpaka mwisho.

"Mwenye eda ya kufiwa akiwa na haja hutoka mchana," alijibu Shehe, hata bila ya kufungua kitabu. "Asijipambe, na usiku alale kwake. Na hino ni haja."

"Na watu wakisema?"

"Waambie waje kwangu mie. Mbona siku zote n'po hapa."

Kwa hivyo yakaisha. Ahmada, mpwa wake marehemu, alikuja na gari yake ya kupakia ndizi, akailalamikia bei ya petroli kutoka Gando mpaka Chake bila ya kupumzika, na walipofika akakataa kuchukua hata shilingi. Muda wote huo Rumaitha alikuwa akiyapitia kichwani mambo atakayosema. Hakuwa na hofu. Bonde la mpunga la Gando alilijua kwa kulilima kabla hajalijua kwa kulipima, na kemia aliifundisha miaka kumi. Aliwaza: wakiniuliza, nitawajibu, wasiponiuliza, nitawaambia.

Usaili ulikuwa kwenye nyumba ya kukodi, Machomane. Ukumbini wanawake walipangwa kwenye viti vya plastiki, wamevaa vizuri, manukato yamechanganyika mpaka hujui la nani ni lipi. Mmoja wao aliruka alipomwona Rumaitha.

"Mwalimu!"

Alikuwa Asya, mwanafunzi wake wa zamani, yule aliyewahi kuunguza meza ya maabara akasema ni paka. Alimshika mkono, akampa pole, kisha akasema kwa haraka, "Mie walin'weka wa akiba, mwalimu. Juzi wakan'pigia simu wakasema nafasi moja imepatikana."

"Hongera. Ulikuwa na kichwa kizuri toka zamani."

Rumaitha alisema hivyo huku akienda mezani kwa karani. Karani aliteremsha kidole kwenye orodha, akakipandisha, akakiteremsha tena.

"Jina lako halipo, dada."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Hapa palikuwa na jina, limepigwa mstari." Karani akanyanyua macho, akaliona baibui kuukuu, akaelewa kitu. "Ngoja nimwite Bwana Hashil."

Bwana Hashil, mratibu wa ufadhili huo kisiwani, alitoka chumba cha ndani na kitambaa cha jasho mkononi. Ni mtu mpole, msema taratibu, asiyepitwa na maziko. Kwenye hitma ya Zubeir alikuja na kanzu mpya, akakaa karibu na mlango, akala pilau kwa huzuni kubwa, akarudia mara mbili. Alipomwona Rumaitha amesimama pale, alirudi nyuma hatua moja kama aliyekanyaga maji ya moto.

"Mwalimu! Umetoka?"

"Nimetoka. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Lakini... una eda."

"Ninayo. Na usaili ninao pia. Jina langu limekwenda wapi?"

Bwana Hashil alishusha sauti, akamsogeza kando kwa ishara ya mkono. "Nililiondoa mimi. Kwa heshima tu, mwalimu. Nilikuja msibani nikaona hali. Nikajisemea, huyu hawezi kutoka, na sisi si watu wa kumsumbua mfiwa. Tukimpigia simu tutamtia simanzi. Nafasi tukampa wa akiba."

"Hukuniuliza."

"Mambo haya huulizwa? Yanajulikana."

Hapo Rumaitha alihisi hasira inampanda kifuani, safi na ya moto, ya kwanza tangu azike mume. Siku zote hizo alikuwa amechoka tu. Alishangaa kwamba hasira inaweza kumpa mtu nguvu namna ile.

"Bwana Hashil, kuna kanuni inayosema mfiwa aondolewe?"

"Kanuni zinataja uzazi na ugonjwa. Hao huahirishiwa. Eda haikutajwa."

"Basi kama haikutajwa, umeniondoa kwa kanuni gani?"

Alijifuta uso. Rumaitha alimwona jinsi anavyotafuta njia ya kutoka bila ya kumkosea mtu, na kwa muda akamwonea huruma. Mtu huyu alidhani amefanya wema. Lakini wema wake ulikuwa unamgharimu Rumaitha maisha yake.

"Omba mwakani, mwalimu. Mimi mwenyewe nitakusimamia."

"Mwakani nitakuwa nimezidi umri. Masharti mumeyaandika nyinyi."

"Hapo sasa," alisema Bwana Hashil, akafungua mikono yake mitupu. "Orodha ishafungwa. Jopo limetoka Unguja na ndege inawasubiri jioni. Nenda ukapumzike. Hata kwa marehemu si vizuri."

Bi Kazija, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameketi kimya kwenye kiti alichoachiwa na binti mmoja, aligonga mkongojo sakafuni.

"We, mwana wa Salem. Njoo hapa."

Bwana Hashil alikwenda. Kwa mzazi wa umri ule hakuna mratibu.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Alokufa ni mwanangu. Umbo lake n'nalijua, kicheko chake n'nakijua, kaburi lake n'nalijua. Siku ile ulikuwepo, uliona. Tulizika ntu mmoja au wawili?"

"Mmoja, Bi Kazija."

"Basi huyu wa pili nani kakwambia umfukie?"

Bwana Hashil aliinamisha kichwa, akasema kwa unyenyekevu wote kwamba anaelewa, anaumia, lakini utaratibu ni utaratibu. Akachukua orodha mezani kwa karani, akanyoosha mgongo, akaita kwa sauti ya kikazi, kana kwamba mambo yamekwisha.

"Asya Mwalim!"

Asya alisimama nusu. Rumaitha alimwangalia. Alijua binti yule anatoka nyumba gani, alijua baba yake alivyokataa asiende chuo, na alijua simu ile ya juzi ilikuwa furaha ya aina gani. Akamwambia kwa upole, "Nenda, Asya. Wewe hujanikosea."

Asya akaketi tena.

"Wa mbele ni mwalimu Rumaitha," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Mie n'po nyuma yake."

"Binti, nimekuita wewe."

"Nimesikia."

Bwana Hashil alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyetukana msikitini. Akaruka jina moja, akaita la chini yake. "Ghania Ridha!"

Ghania alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, mgeni kabisa kwa Rumaitha, katokea Kengeja na gari ya alfajiri. Hakusimama hata nusu. "Wa mbele ni mwalimu," alisema, akaendelea kujipepea na bahasha.

"Ummkulthum..."

"Wa mbele ni mwalimu!" Mwenye jina hakumsubiri hata amalize kuita ubini wake.

Karani aliinamia droo yake akatafuta kitu ambacho hakikuwamo. Rumaitha alisimama katikati ya ukumbi, hajui amshukuru nani kwanza. Wote hawa walikuwa wakiitaka nafasi ileile. Kila mmoja alikuwa na mtu nyumbani aliyemwambia asije. Akamkumbuka Zubeir na sauti yake ya mpira, akatamani awepo autangaze mchezo huu.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Mwanamke mwenye mtandio wa buluu, Dokta Suhaila, mwenyekiti wa jopo, alitoa kichwa nje.

"Bwana Hashil, mbona hatuletewi mtu? Muda unatutupa mkono."

"Kuna... kuna jambo dogo la orodha, Dokta."

"Si dogo," alisema Rumaitha. Aliongea Kiswahili cha darasani, kile kinachofika dawati la nyuma. "Naitwa Rumaitha. Niliitwa kwenye usaili huu. Mume wangu amefariki, niko kwenye eda, na jina langu likafutwa bila ya mimi kuulizwa kwa sababu ilidhaniwa sitoki. Nimetoka. Ninasoma maji ya chumvi yanayoingia kwenye mabonde ya mpunga, na ninao ushahidi wa visima vya shehia nzima, kwa sababu nilipokaa ndani visima vilinifuata. Mkinisikiliza mkaona sifai, nitakwenda zangu. Lakini mniondoe kwa hilo, si kwa eda."

Dokta Suhaila alimtazama. Akaitazama safu ya viti, wanawake waliokaa kimya kama waliogomea chakula. Akamgeukia Bwana Hashil.

"Ni kweli?"

"Ilikuwa ni heshima, Dokta."

"Mimi nilikaa eda," alisema Dokta Suhaila taratibu. "Wakati huo nilikuwa natafuta kazi. Niliheshimiwa hivyohivyo, na kazi nikaikosa." Akaitazama orodha mkononi mwa mratibu. "Siahidi kitu. Makao makuu wanaweza kusema orodha ishafungwa, na alama zake wakazitupa. Lakini leo tutamsikiliza. Muandike."

Akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

Bwana Hashil alikwenda mezani, akachukua kalamu ya karani, akaijaribu pembeni mwa karatasi. Hakutaka kuinua uso. Wanawake wote walikuwa wakimwangalia, na Bi Kazija zaidi ya wote.

"Jina kamili?" aliuliza, utadhani hajawahi kulisikia, utadhani hakupanda gari mpaka Gando kumpa pole mwenye jina hilo.

Rumaitha alijifunga mtandio wake vizuri.

"Unalijua," alisema. "Liandike palepale ulipolifuta."

Kalamu ikaanza kutembea. Rumaitha akashika njia ya mlangoni, na nyuma yake akamsikia mkwewe akigonga mkongojo tena.

"Na ufanye haraka, mwanangu," Bi Kazija alimwambia mratibu. "Huyu ana eda. Magharibi lazima imkute kwake."