Maji ya Wakwe

Régina, binti yangu, alikuja kuniamkia na mutoto mugongoni, akasimama kule kwenye kinu. Miezi mitatu tangu azae, kila mara ni kule kule kwenye kinu.

"Jambo, baba. Umelala vizuri?"

"Nimelala. Sogea."

"Hapa panatosha, baba."

Mutoto ni wa kike. Walimupa jina la muke wangu, Apolline, aliyekufa mwaka jana wakati wa kuvuna pamba. Nilikuwa nasikia kilio chake, lakini uzito wake sikuujua.

Sababu kila mutu wa huku kwetu, njia ya Kabambare, anaijua. Mwanaume akifiwa na muke, ndugu za marehemu wanamupeleka mutoni, wanamuosha, wanamunyoa, wanamuachilia. Kabla ya maji hayo kifo kingali mikononi mwake, hawezi kushika mutoto muchanga. Mimi sikuoshwa. Bwana wa pamba, anayesimamia mashamba, alikataa kuwapa wakwe zangu ruhusa ya kutoka kijiji chao cha Wamaza. Mavuno kwanza, alisema. Walipopata ruhusa, Padiri alikuwa amekwisha kutangaza katika misa: mukristo atakayekwenda kwenye maji atatolewa kwenye komunyo, na akifa atazikwa nje ya ua wa misioni. Apolline amelala ndani ya ua. Kando yake kuna nafasi. Padiri mwenyewe alinionyesha kwa fimbo yake, akasema: hii ni yako, Grégoire. Kwa nafasi ile alinifunga kamba.

Siku ile Placide alimufuata muke wake mpaka kwangu. Placide ni mukwe wangu, ni katekista, tena yeye ndiye anayesoma majina ya waliotolewa.

"Placide," nikamuambia, "si unafundisha watu kwamba maji yale ni uongo wa wapagani?"

"Ndiyo, baba mukwe."

"Basi nipe mutoto."

Akatazama viatu vyake, viatu vyeusi vya kupewa na misioni.

"Ana kikohozi."

"Mutoto anacheka pale, wewe unasema kikohozi!"

"Baba mukwe, mimi naamini. Kweli kabisa naamini. Lakini kama akifa?"

Nikawafukuza wote wawili.

Placide sikumuchukia. Niliwachukia waliomufundisha. Walikataza maji, woga hawakuuondoa. Huo walituachia, kila mutu na wake nyumbani. Padiri hana mukwe, hana mujukuu, anaamuru jambo lisiloweza kumufikia. Na chefu wetu, mukubwa wa kijiji, anayajua yote, lakini ana medali ya Serikali kifuani, basi amenyamaza.

Nikaenda makaburini, nikasimama kwenye nafasi yangu. Nikaipima kwa hatua. Nikarudi nyumbani, nikatuma habari Wamaza.

Akaja Kasimu, ndugu mukubwa wa Apolline, pamoja na dada zake wawili. Kasimu ni muislamu.

"Mwalimu wetu wa musikiti anakataza pia," akasema akicheka, "lakini yeye hana karatasi ya kusoma majina. Vua shati, shemeki."

Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kutoka. Waliniingiza majini mpaka kifuani. Pale ndugu za marehemu wana haki ya kukutukana na kukuuliza wanachotaka, na wewe lazima ujibu.

"Dada yetu ulimupiga?"

"Mara moja."

"Muongo! Muzamishe!"

"Mbili! Mara mbili!"

"Na kuku akichinjwa, mapaja alikula nani?"

"Mimi."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Wale dada wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Mimi nililia, maji yakanifichia. Kasimu akaninyoa kwa wembe, akanimwagia maji ya mwisho.

"Dada yetu tumemuchukua. Wewe nenda zako, ushike watoto."

Siku ya Mungu, katika misa, kichwa changu kilichonyolewa ndicho kilichonisema. Placide alisoma majina manne, langu la mwisho. Hakunitazama, na sauti yake ilikuwa kavu kama ya kapita, musimamizi anayeita watu wa kazi ya barabara. Nikatoka, nikapita katikati ya watu ambao walikula chakula cha kilio cha muke wangu. Wote walikuwa wanatazama altare.

Muchana wakaja. Régina hakusimama kwenye kinu. Alipita moja kwa moja mpaka barazani, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akafungua kitambaa, akaniwekea mutoto mikononi. Alikuwa muzito kuliko nilivyofikiri. Akanikamata kidole.

"Ulisoma jina langu," nikamuambia Placide.

"Nililisoma, baba mukwe. Kichwa kinang'aa namna ile, ningesema nini?"

"Na ni wewe uliyekuwa unangoja nioshwe."

Akaitika kwa kichwa.

"Nikifa, utanizika wapi?"

Akasogeza kitambaa ili jua lisimupige mutoto usoni.

"Hilo ni la Padiri, baba."

Juma la tatu baada ya pale, mama ya kapita wetu alikufa, mukristo muzuri, hajapata kutolewa. Nyumba yangu haiko mbali na misioni. Nilikuwa nimeketi barazani na mutoto, nikasikia majembe.

"Labda wanachimba upande mwingine," Régina akasema.

"Hapana. Upande ule naujua, ni kando ya mama yako."

Nilitaka kwenda kuwaambia. Lakini mutoto alikuwa ndiyo kwanza amelala kifuani kwangu, sikusimama.