Vizimba Penye Mkondo

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayefungua na kufunga malango ya bwawa lililo juu yetu. Mdomo wake, huo hajui kuufunga. Wiki nzima alinipigia simu: wataondoa tope lililojaa chini ya bwawa, mto utachafuka, ila safari hii wataliachia kidogo kidogo, likichanganyika na maji safi ya juu. Nikamwambia nimesikia. Mwaka jana walilimwaga kwa mkupuo mmoja, matamvua ya samaki wangu yakaziba, nikawafukia wote. Wakifa na hawa, ufugaji basi.

Kwa hiyo nilitumia akili yangu. Mimi na kaka tulivuta vizimba vya samaki, vile vya nyavu vinavyoelea, hadi kwenye kona ya mto iliyotulia, mbali na mkondo, tukavifunga. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi mto ulipita na rangi ya chai ya maziwa. Muda si muda samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nikampigia wifi nimpe vidonge vyake. Aliniacha nimalize, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza vizimba viko wapi.

"Kwenye kona. Pametulia."

"Wifi, tope hutuama palipotulia. Virudishe penye mkondo. Nafunga lango la chini linalotoa tope, nakuletea maji safi matupu."

Tuliingia majini na nguo zetu. Jana pale chini palikuwa na changarawe, sasa miguu ilizama kwenye uji. Tulivuta kamba hadi viganja vikachubuka. Kaka aliomba dua, mimi nililaani, sijui Mungu alimsikiliza nani.

Maji safi yalifika tukifunga kamba ya mwisho. Samaki walizama taratibu hadi sikumwona hata mmoja. Nikarusha chakula. Kikaelea tu. Halafu maji yakachafuka kwa mikia. Nililia, wala sioni haya kusema, na kaka akakaa kwenye matope akicheka peke yake.

Wifi alipopiga, sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema wakubwa wake wamemsimamia kichwani, tope bado limejaa bwawani.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Basi niambie wewe. Nifungue?"

Nilivitazama vizimba vikiyumba katikati ya mto.

"Fungua, wifi yangu."