Togwa ya Watu wa Maji

Kama kuna mtu katika kijiji kile aliyefaa kupewa kazi ya kusema, alikuwa Dina. Mdomo wake haukujua likizo. Ulianza na majogoo, ukaendelea shambani, na usiku mumewe Nathanaeli alisinzia akisikilizishwa nusu ya pili ya habari ambayo nusu yake ya kwanza alikuwa ameila pamoja na ugali. Kwa hiyo waumini wenzake walipokutana chini ya upenu wa Mzee Isaka kutafuta watu wawili wa kujitolea kulisemea kanisa lao mbele ya kijiji, hapakupigwa kura. Walimgeukia tu. Wa pili akawa Melkizedeki, fundi wa kuchonga mipini ya majembe, mtu mrefu asiyecheka wala kuongea, na bila shaka walimweka ili Dina apate wa kumvuta nguo anapozidisha.

Kanisa lenyewe lilikuwa dogo na jina lake lilikuwa refu, lenye Agano ndani yake na Alfajiri pia. Kijiji kizima kiliwaita Watu wa Maji, maana dini yao ilikataza pombe, tumbaku, kahawa na hata chai. Huko walikotoka, kabla ya operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa, hakuna aliyewajali. Kila mtu alikuwa na mji wake na pori katikati. Sasa walikuwa wamepangwa mistari mistari upande wa msitu wa Mgori, nyumba inatazamana na nyumba, na jirani asiyekunywa chai yako unamwona. Halmashauri ilikwisha kugawa viwanja: shule, zahanati, ofisi, Waislamu, Wakatoliki, Walutheri. Kilibaki kimoja kizuri, pale njia panda ya kisimani. Watu wa Maji walikiomba. Na Hana, mpika pombe ambaye sifa zake zilifika mpaka Singida mjini, naye alikiomba ajenge kilabu.

"Hana tunamjua," alisema Mwenyekiti Alute. "Nyie hatuwajui. Nendeni kwanza mjulikane."

Dina alikitaka kiwanja kile kwa ajili ya kanisa, ndiyo, lakini alikitaka zaidi kwa ajili ya Nathanaeli. Tangu abatizwe, kila Jumapili alitoka nyumbani peke yake na kitenge chake kizuri, na mumewe akabaki uani akinoa shoka. Hakuwa mkorofi. Hakuwahi kumkataza. Alikuwa na neno lake moja tu, na alilisema polepole kila alipobembelezwa: "Mama Filipo, watu wa dini mna maneno matamu. Mimi nimekua nikiwaona wanaohubiri mchana na kunywa nyuma ya jiko. Niacheni kwanza niwatazame." Basi Dina akajitia moyo kwamba kanisa likipata kuta, mlango na jina jema kijijini, huyu mwanamume ataingia na kuketi karibu naye, bega kwa bega kwenye gogo moja.

Kujulikana kwenyewe kulianza vibaya. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mtu akikuchemshia chai ya sukari, alikuwa amekupokea kama Mkuu wa Mkoa. Dina na Melkizedeki walipita nyumba hadi nyumba, wakakaribishwa vizuri, wakawekewa vikombe vinavyofuka moshi, na wakavikataa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni chai."

"Asante bibi, sisi hatunywi."

"Mmeshakunywa?"

"Hapana bibi, hatunywi kabisa."

"Kwa hiyo mwaona nimetia dawa?"

Dina akaanza kueleza, na alivyoeleza ndivyo bibi alivyozidi kuvuta kikombe upande wake. Mwisho akakinywa mwenyewe mbele yao, macho makavu, ili waone kwamba hafi. Hata wiki haijaisha, vijana walikwisha kuwabatiza jina la pili: Wizara ya Habari. Wakipita njiani, mtu anaita, "Wizara, leo mmeikataa chai ya nani?"

Ukaja mkutano wa kijiji. Kilio kikubwa kilikuwa ghala la kijiji. Kuta zilikuwa zimesimama, miti ya paa imeletwa toka msituni, lakini paa halikuwapo na mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika. Na sababu ilijulikana. Toka enzi za mababu, kazi kubwa kama ile huitwa kwa pombe: mwenye kazi anapika, watu wanakuja na majembe na nyimbo, jioni wanarudi wameshiba. Katibu wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba kazi ya ujamaa ni ya kujitegemea, haina pombe. Watu hawakubisha. Walikuja wachache, wakasogeza miti miwili, kila mmoja akakumbuka ana mgonjwa nyumbani.

Hapo ndipo Dina aliposimama. Melkizedeki akamvuta nguo, akachelewa.

"Ndugu Mwenyekiti! Tupeni sisi siku moja. Watu wa Maji tutaita kazi ya ghala, hapatakuwa na tone la pombe, na paa litafunikwa kabla jua halijazama. Tukishindwa, kiwanja apewe dada Hana."

Mkutano ulipiga makofi kwa furaha ya watu walioahidiwa sinema. Nathanaeli, aliyekaa nyuma, alishika kichwa.

Mpango wa Dina ulikuwa togwa. Togwa tamu ya mtama, isiyolevya, nzito, nyingi kiasi cha kuogelea. Kinamama wa kanisa walitoa mtama na kimea, wakapika kwa nyimbo. Tatizo likawa vyombo. Siku ya kubatizwa, kila mmoja wao alikuwa amevunja mitungi yake ya pombe mbele ya mashahidi, na masufuria yao yasingetosha hata mstari mmoja wa nyumba. Basi Dina akajikaza kisabuni akaenda kuazima kwa Hana.

Hana hakuwa mtu wa kinyongo. Aliwapa mitungi yote, ile mikubwa myeusi ambayo tumboni haijapata kuoshwa kwa maji ya moto tangu ifinyangwe, maana chachu iliyoshika kwenye kuta zake ndiyo mali ya mpika pombe. Hakusema chochote kuhusu hilo. Kwake lilikuwa jambo la kujulikana na kila mtu mwenye akili timamu. Nao Watu wa Maji, kwa kuogopa togwa isipungue, waliipika mapema, wakaimimina mle, wakaifunika vizuri na kuiacha ilale siku mbili za joto.

Siku ya kazi watu walikuja kweli. Wengine walikuja kusaidia na wengi walikuja kuona Wizara ikiaibika, lakini ukishafika penye kazi unapewa jembe. Wanawake walikanda udongo, wanaume wakapanga boriti na fito, nyasi zikatandazwa, na mabonge ya udongo yakaanza kurushwa juu, maana paa lilikuwa la tembe, la kufunikwa kwa udongo. Melkizedeki ndiye aliyekuwa juu akiukanyaga ushike. Jua lilipopanda, Dina akafungua mitungi. Ilikuwa na povu. Yeye aliliona povu lile akafurahi, akadhani ni baraka.

Kata zikazunguka. Watu wakaonja, wakatazamana, wakaonja tena. Kazi ikachangamka kwa namna ambayo kijiji hakijaona tangu kihamie pale. Wimbo ukaanza, ukaitikiwa, ukapanda. Bibi yule wa chai akaomba kata ya pili, na ya tatu, akasema amewasamehe. Dina alikuwa akizunguka na ndoo, uso unang'aa, akihesabu moyoni milango ya kanisa lake: mmoja au miwili?

Kisha Melkizedeki akacheka.

Alicheka juu ya paa, kwa sauti ambayo hata mama yake mzazi hakuwa anaijua. Akatupa kofia. Akaanza kucheza, mabega yanakwenda huku, miguu mirefu inapiga udongo, na watu chini wakamshangilia kama timu ya mpira. Nathanaeli, aliyekuwa akipanga fito, alishuka ngazi, akachukua kata mkononi mwa Dina, akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni polepole.

"Mama Filipo," alisema kwa sauti ya chini. "Hii imeshakuwa pombe. Tena nzuri."

"Usinitanie, Baba Filipo."

"Mitungi ya Hana, siku mbili. Ulitegemea nini?" Akamwangalia. Hakuwa anacheka. "Nyamaza tu. Wote wanaijua na hakuna atakayesema. Kwa mwendo huu, jua likizama mmeshapata kiwanja."

Dina aliliangalia paa, zaidi ya nusu limefunikwa. Akaitazama njia panda ya kisimani, kule alikokwisha kuona moyoni kuta na mlango na gogo. Kunyamaza kulikuwa kitu kidogo. Ila Nathanaeli alikuwa amesimama mbele yake na kata mkononi, naye alijua. Kila Jumapili angejua. Angekaa uani ananoa shoka, na neno lake lile lingekuwa kweli, na mara hii mwenye kunywa nyuma ya jiko angekuwa mkewe. Dina aliona aibu kabla hata hajafanya kosa, akakasirika, akapanda juu ya lundo la udongo.

"Jamani! Wekeni kata chini!"

Wimbo ulikatika vipande vipande. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Melkizedeki.

"Hii si togwa tena, imekuwa pombe. Hatukukusudia, Mungu ananiona, ila imekuwa. Niliwaahidi hapatakuwa na tone, na tone mmelinywa. Anayetaka kwenda nyumbani aende. Nimeshindwa mimi, Ndugu Mwenyekiti, si kanisa."

"Dina," mtu mmoja alilia kutoka juu ya boriti, "nani kakuuliza?"

Dina alishuka kwenye lundo. Aliushika mtungi wa kwanza na kuuinamisha, na pombe nzuri ikaenda kunywewa na udongo wa ghala. Wanaume wazima walifunika macho. Alipomaliza wa mwisho, robo ya watu walikwisha kubeba majembe yao na kushika njia, wakinung'unika. Hana alikuwa amekaa chini akicheka mpaka anajishika mbavu. Dina aligeukia ukuta ili wasimwone analia, akalia.

Aliposikia vicheko vipya alifuta uso na kutazama. Nathanaeli alikuwa anatoka kisimani. Alikuwa amebeba mzega begani, debe mbele na debe nyuma, maji yanamlowesha suruali, na vijana njiani wanapiga vigelegele kwa kumwona mwanamume mzima anateka maji mchana kweupe. "Nathanaeli kaolewa!" walipaza sauti. Hakujali. Aliweka madebe chini, akachota kata, akainywa yote mbele ya watu bila kupumua.

"Ya baridi," alisema. Akampa aliye karibu. Kisha akapanda paani, akamshusha Melkizedeki taratibu akamlaza kivulini, na akaanza kuukanyaga udongo yeye.

Wakacheka, wakanywa maji, wakarudi kazini. Hata baadhi ya waliokwisha kuondoka waligeuza, kwa kuhofia kukosa kichekesho kinachofuata. Lakini jua halikungoja. Lilizama kona moja ya ghala ikiwa bado wazi, na Dina akaiona kona ile akajua kwamba ahadi zake zote mbili zimevunjika. Waliimaliza kesho yake asubuhi, kimya kimya, yeye na watu wa upenu wa Isaka na mumewe.

Halmashauri ilipokaa, Dina alikaa nyuma kabisa. Melkizedeki alikuwa pembeni yake, amevaa kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mimi nimeona mengi," alisema Alute. "Nimeona watu wakiificha pombe na kuiita togwa. Wengine wamo humu ndani. Lakini mtu wa kuiita togwa yake pombe, mbele ya kijiji kizima, na kiwanja anakiona kwa macho yake? Huyo sijapata kumwona. Sasa hawa nimewajua. Hana, unasemaje?"

Hana alisimama, akajifunga kanga upya.

"Wapeni. Wateja wangu hata nikihamia porini watanifuata. Mimi nina shida moja tu, Ndugu Mwenyekiti. Mitungi yangu! Nimerudishiwa imeoshwa! Kwa maji ya moto na majivu, mpaka ndani! Chachu niliyoachiwa na mama mkwe wangu! Watu gani hawa, wanakutia hasara kwa wema?"

Kijiji kilivunjika mbavu. Dina alikwenda kumwomba radhi, akaanza kueleza kwa nini waliiosha, na Hana akamwambia kwa upendo anyamaze.

Jumamosi ile jioni Dina alikuwa jikoni akisonga ugali na kupanga moyoni maneno ya kumbembeleza mumewe, kama alivyoyapanga kila Jumamosi. Safari hii alikuwa na mengi. Alikuwa na kiwanja, ghala, na Mwenyekiti mwenyewe kama shahidi. Alitoka na sahani, akavuta pumzi.

Nathanaeli alikuwa ameketi uani na shoka mapajani. Alimtangulia.

"Kesho mnaanza saa ngapi?"

Dina alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyapanga hayakuwapo.

"Saa tatu," alisema.

Nathanaeli akaitikia kwa kichwa, akaliegemeza shoka ukutani bila kulinoa, akaenda kuoga.