Nilisema Haina Mwenyewe

Shangazi Bertha alinipa ungo wake niupige picha kwa sababu alidhani namtafutia wateja. Sikumwambia hivyo, lakini sikukanusha. Niliutoa nje kwake Malangali, nikauegemeza ukutani juani, nikapiga picha saba za katikati tu, pale matete matatu meusi yanapopita juu ya meupe na moja kurudi nyuma, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sanaa na ubunifu, niko Kizwite kwa mama, sina ajira. Kazi niliyokuwa nayo haikuwa na mshahara: nilikuwa mmoja wa watu wa Shada. Shada ni sarafu ya mtandaoni isiyo na benki wala mkurugenzi. Inaendeshwa na kompyuta za watu walio kila mahali, na hakuna anayeweza kuifunga. Niliipenda kwa moyo wote. Niliamini kwamba mkulima wa ulezi wa huku Ufipa angeweza kumtumia mwanawe fedha popote alipo bila mtu wa katikati kumkata ada.

Shida yetu ilikuwa sura. Kwa kuwa sarafu haina mkubwa, kila mtu aliichorea alama yake. Mmoja aliweka simba, mwingine roketi, mwingine herufi iliyopinda kama ndoano. Watu wakadhani ni sarafu kumi tofauti. Basi kundi likakubaliana tutafute alama moja na rangi zake, ambazo yeyote atazitumia bila kuomba ruhusa. Sharti lilikuwa kwamba alama isiwe mali ya mtu.

Nikatuma mchoro wa ile nakshi ya katikati ya ungo.

"Nzuri sana," wakaandika. "Imetoka wapi?"

Nikajibu: "Ni nakshi ya kale ya Wafipa. Haina mwenyewe."

Niliandika haraka, lakini nilijua. Shangazi aliibuni mwenyewe alipoolewa, ili nyungo zake zisichanganywe na za wifi yake, aliyekuwa akisuka kwa kulegeza. Hadithi hiyo nimeisikia tangu utotoni. Lakini "ya kale" ilisikika vizuri, na nilitaka kushinda.

Nilishinda. Watu wa nchi nisizozijua waliiweka alama ile kwenye kofia na fulana. Niliwaonyesha rafiki zangu. Shangazi sikumwonyesha.

Miezi mitano baadaye, ulezi ukivunwa, nilikuwa nimekaa naye sokoni nikimsaidia kupanga nyungo. Akaja mzee Kashinje, mfugaji aliyehamia zamani kutoka Usukumani akaweka boma karibu na Chala. Kila mwaka hununua nyungo mbili kwa shangazi. Safari hii alikuja na ungo kwapani.

"Shikamoo baba," nilimwamkia.

"Marahaba." Hakunitazama. "Mama, nimekurudishia ungo wako."

"Umetoboka?"

"Ungo mzima. Niliyetoboka ni mimi."

Shangazi alicheka, akidhani ni utani wao wa siku zote. Mzee hakucheka. Alieleza kwamba Chala alikuja kijana mmoja, akatundika bango, akawa anapokea fedha za watu ili awabadilishie ziwe Shada kwenye simu.

"Mimi mambo hayo siyajui," alisema. "Lakini niliona alama yako kwenye bango. Nikasema, hawa ni watu wa Bertha, na Bertha hajawahi kuniuzia ungo unaovujisha ulezi. Nikauza ndama wawili. Sasa kijana hayupo, na kwenye simu kuna picha tu."

"Kumbe una benki, mama!" akapaza sauti muuza dagaa wa pembeni. "Na sisi wa kikundi tulikunyima mkopo bure!" Watu wakaangua kicheko.

"Benki gani? Mimi simu yangu ya tochi!" Shangazi alisimama, nyungo zikamporomokea miguuni. Kisha akanishika bega. "Tadei, wewe umesoma mambo haya. Mweleze baba yako kwamba mimi simo."

Nilikuwa nakaza kamba iliyokwisha kukazwa. Mkono wake ulikuwa bado begani pangu, mkono wa mtu aliyepata shahidi.

"Hayumo, baba," nilisema. "Alama niliitoa mimi. Niliwaambia haina mwenyewe."

Mkono ukaondoka. Mzee Kashinje aliulaza ungo wake juu ya zile zilizoanguka, akaenda zake bila kuaga.

"Iondoe," alisema shangazi.

Niliwaandikia watu wa kundi palepale. Walijibu kwa upole, na upole ule uliniumiza zaidi. Shangazi akataka nimsomee.

"Wanasema poleni sana. Alama imeshakuwa ya wote, iko kwenye simu za watu duniani kote, hakuna wa kuirudisha." Nikaishusha simu.

"Mbona umeishia hapo? Soma."

"Wanasema: 'Na si ulituambia haina mwenyewe?'"

"Hao hawana mkubwa wa kumshtakia?"

"Hawana, shangazi."

"Na ndicho ulichokipenda."

Hata sasa naamini sarafu isiyo na mkubwa inaweza kumfaa maskini. Lakini nilichokigawa hakikuwa changu.

Wiki mbili zilizofuata shangazi alisuka nyungo nyeupe tupu katikati. Nilikwenda naye sokoni. Hakunikataza wala hakunikaribisha. Mama mmoja wa Kizwite aliinua ungo mmoja, akaugeuza mara mbili.

"Hizi za nani?"

"Za Bertha wa Malangali," nilisema.

"Za Bertha nazijua, zina alama. Usinidanganye, kijana."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa akikata matete, hakuinua kichwa.

"Mweleze," alisema.

Nikamweleza, tangu siku ya picha. Alipomaliza kusikiliza aliurudisha ungo akaondoka, na nyuma yake alikuwa amesimama mteja mwingine, naye akiuliza kwa nini hazina alama.